Baba Hana Miguu

"Huyu mgeni anaondoka lini?"

Swali liliulizwa mezani, mbele ya watu, na muulizaji hakushusha sauti hata kidogo. Alikuwa mtoto wa miaka minne. Bibi yake alimpa jina la Jaji, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kuona jambo akaliacha bila kulitolea hukumu. Mgeni mwenyewe alikuwa baba yake mzazi, aliyerudi juzi kutoka ughaibuni, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, kwa likizo ya mwezi mmoja. Ndiyo kwanza alikuwa amepeleka tonge mdomoni.

Tonge lilimkwama. Mkewe, fundi cherehani, alijifanya ameangusha kijiko na kuinama chini ya meza kukitafuta. Bibi, ambaye ndiye mama wa huyo mgeni, hakutafuta chochote. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu si mgeni," mama mtu alisema alipoibuka. "Huyu ndiye baba."

Jaji aliacha kutafuna. Alimkagua yule mwanamume kuanzia utosini, taratibu, akashuka kifuani, akashuka magotini, akaishia kwenye soksi zake nene.

"Baba hana miguu," alisema, akarudi kwenye sahani yake.

Wala tusimlaumu mtoto. Dobi (mtaa mzima ulikuwa ukimwita hivyo tangu habari za kazi yake zilipovuja) aliondoka binti yake akiwa hajaota jino. Tangu hapo baba alikuwa ni simu ya mama. Kila jioni iliegemezwa kwenye kopo la sukari, mbele ya kiti kisichokaliwa na mtu, na familia ikala chakula na simu. Ikiwa kwenye chaji, mtoto aliambiwa baba anakula. Bando likiisha, baba amelala. Akigoma kuoga anashitakiwa kwa baba, na baba kweli anamtolea macho kwenye kioo. Huyo baba alikuwa na kichwa, mabega, kofia ya kijani ya kazini, mashuka meupe nyuma yake na mngurumo wa mashine. Chini ya kifungo cha pili cha shati hakuwa na kitu. Watu wazima wa nyumba ile walimtengeneza baba wa namna hiyo kwa mikono yao wenyewe, miaka minne, halafu sasa wanashangaa.

"Na hapo amekalia kiti cha Baba," Jaji aliongeza.

Kiti kile kilinunuliwa kwa jasho la Dobi, pamoja na meza, pamoja na bati lililokuwa juu ya vichwa vyao. Aliinuka, akachukua sahani yake, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Asante, mgeni," Jaji alimwambia. Alikuwa amefunzwa adabu.

*

Taabu ilianza jioni hiyo, saa ya simu ilipofika. Jaji alipanda kwenye kiti chake, akaweka kopo la sukari mahali pake, akanyoosha mkono.

"Nataka kuongea na Baba."

Mama na bibi walitazamana. Jioni za mapokezi mtoto alisinzia mapema, na katika furaha ile hakuna aliyelifikiria jambo hilo.

"Baba amelala leo," mama alijaribu.

"Chaji imejaa. Nimeona."

"Bando..."

"Mgeni amenunua jana. Nimesikia."

Midomo ya mtoto ilianza kutetemeka. Dobi hakuweza kuvumilia. Alichomoka kimyakimya, akapitia begi lake ukumbini, akatokea uani kupitia mlango wa nyuma akiwa na kofia ya kijani na simu yake mwenyewe. Kwenye kamba kulikuwa na shuka jeupe. Alikuwa amelifua mwenyewe asubuhi, kwa kukosa kazi. Alisimama mbele yake, akavuta kofia, akapiga. Alipokumbuka mashine, akaanza kunguruma kwa koo.

"Baba!" Uso wa Jaji ulijaa kwenye kioo. "Umekula?"

"Nimekula, mama yangu. Nionyeshe meno."

Alionyeshwa yote, la mwisho kabisa kule nyuma likiwa jipya. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Kisha Jaji akatazama huku na huku, akasogeza mdomo kwenye simu.

"Baba, kuna mgeni huku."

"Mgeni gani?"

"Ana miguu mirefu. Anakoroma. Amelala kitanda cha mama, mimi nimehamishiwa kwa bibi."

"Labda amechoka na safari."

"Anachukua nyama mbili mbili. Na havui soksi. Na amekalia kiti chako."

"Mimi nimemruhusu, mama."

"Usimruhusu. Mfukuze."

Dobi alisahau kunguruma. Alijiona anatafuta maneno ya kumtetea mtu ambaye, kwa kadiri alivyosikia mashitaka, hata yeye asingempenda.

"Hana jema hata moja?"

Jaji alifikiri. Alikuwa mkali lakini hakuwa mwonevu. "Anafua vizuri," alisema.

Wakati huo jirani alikuwa amekuja kuanua nguo zake upande wa pili wa kamba. Alimkuta mwanamume aliyerudi juzi akiwa amesimama mbele ya shuka na kofia ya kiwandani, ananguruma, na kumwambia mtu kwenye simu kwamba yuko kazini na zamu inaisha usiku. Jirani hakusalimia. Alichukua nguo zake, zikiwa bado mbichi, akaondoka. Kulipokucha mtaa ulikuwa na habari kamili: Dobi amerudi, mizigo imefika salama, lakini kichwa kimebaki huko huko.

*

Ilikusudiwa iwe siku ile moja tu. Ikawa kila siku, maana Dobi alinogewa. Sebuleni binti yake alimpa kisogo. Midoli aliyomletea aliipanga mstari ukutani, akaiambia isimkaribie mgeni. Lakini jioni, mbele ya shuka, mtoto yule yule alimwimbia, alimbusu mpaka kioo kikalowa, akamwambia siri zake zote. Dobi alianza kumwonea wivu mtu wa kwenye simu. Alijua ni yeye mwenyewe, na bado roho ilimuuma.

"Unajilea vibaya," mama yake alimwambia siku moja, wakiwa uani. Alikuwa anamwosha Jaji miguu kwenye beseni. "Likizo inayoyoma, wewe umejificha nyuma ya shuka. Utaondoka mtoto hajakujua, halafu utarudi lini? Akiwa na mume?"

"Bado miaka miwili ya mkataba, mama."

"Basi jikaze kisabuni, uingie ndani umwambie."

"Nimemwambia. Hasikii."

Bibi alikuwa amefika kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto wa mjukuu wake. Kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake na kukaa hapo, na kila siku alikivuta kidogo kabla hajakipangusa.

"Unakiona hiki, mke mwenzangu? Hiki ni cha baba yako. Kaja nacho duniani hivi hivi. Kila kiatu kinamwonea."

"Baba hana miguu, bibi," Jaji alimkumbusha kwa subira.

Dobi aliangalia soksi zake. Angeweza kuzivua pale pale mambo yakaisha, na hakuzivua. Ni jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Miaka minne alikuwa anashinda ndani ya mabuti ya mpira, maji ya moto na dawa yakimwingia kwa juu, na miguu yake ilikuwa imeharibika: myeupe, imekunjamana, nyufa kisiginoni, kucha mbili zimekwenda. Huku nyumbani wanajua anafanya kazi na mashine. Usiku wa kwanza mkewe alimuuliza kama soksi zinapanda nazo kitandani. Alijibu kwamba baridi ya kule ilimwingia mifupani. Mke alikuwa fundi, anajua nguo inayoficha kiraka, lakini alinyamaza.

Usiku huo Dobi alipiga moyo konde, akaamua kumaliza mambo. Mpango wake ulikuwa mzuri sana kwa mtu aliyeupanga peke yake. Atapiga simu kutoka uani kama kawaida, akiwa na kofia, na huku wanaongea ataingia taratibu mlangoni. Mtoto atamwona baba kwenye kioo na baba mlangoni, kofia moja, uso mmoja, sauti moja. Hata mahakama kubwa ingeridhika.

*

Jioni iliyofuata mama alikuwa amekaa na Jaji sebuleni. Pembeni kulikuwa na beseni la nguo alizoloweka Dobi, kwa sababu likizo au si likizo hakuweza kukaa na nguo chafu ndani ya nyumba.

"Mama yangu," Dobi alisema kwenye simu, akiusogelea mlango kutoka uani. "Leo nina zawadi. Angalia mlangoni."

Jaji aliinua macho. Mlangoni alisimama mgeni, ameng'aa kwa tabasamu, ana kofia ya kijani kichwani.

Mtoto aliangalia simu. Akaangalia mlango.

"Amemwibia Baba kofia!" alipiga yowe. "Mama! Amemwibia Baba kofia!"

Alishuka kwenye kiti na simu mkononi, akamrukia, akidai kofia irudishwe. Dobi aliinama ampokee. Mkono ukagonga mkono, simu ikachomoka, ikapaa, ikaingia kwenye beseni bila hata kurusha maji mengi. Ilionekana kwa chini, ikiwaka katikati ya mapovu, na uso wa baba bado umo ndani yake na kofia yake. Kisha ikazima.

Dobi alitumbukiza mkono kwenye beseni, akaiopoa.

"Mgeni amemuua Baba," Jaji alisema.

Halafu akalia. Mtaa ule haukuwa umewahi kusikia kilio cha namna ile kutoka kwenye kifua kidogo kiasi hicho. Jirani aliingia bila kubisha, kitambaa tayari kichwani na kingine kiunoni, kwa sura ya mtu aliyekuja msibani. Nyuma yake waliingia wengine wawili watatu.

"Nani?" jirani aliuliza, ameshika kifua. "Nani ametutoka?"

"Baba!" Jaji alimjibu kwa kwikwi. "Mgeni amemzamisha!"

Watu wote walimgeukia Dobi. Alisimama katikati ya sebule yake na kofia kichwani, simu inayochuruzika mkononi, anajaribu kueleza kwamba yeye ndiye marehemu.

*

Asubuhi mama aliwahi kazini, alikuwa na sare za shule za kumaliza, na bibi alikuwa na magoti yake mabovu. Kwa hiyo simu ilipelekwa kwa fundi na muuaji mwenyewe. Jaji alikataa kumwachia aende nayo peke yake. Aliivingirisha kwenye kitambaa, akaibeba kifuani, akatembea hatua kadhaa nyuma ya mgeni ili asimpoteze machoni.

Mvua ilikuwa imenyesha. Karibu na duka la fundi kulikuwa na dimbwi lililochukua njia nzima, na Jaji alisimama ukingoni. Aliangalia maji, akaangalia viatu vyake vipya ambavyo mgeni alimletea, akaangalia mzigo wake.

"Nibebe," aliamuru. "Lakini usimguse Baba."

Dobi alimbeba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege. Alivuka dimbwi polepole mno kwa mtu mwenye miguu mirefu, na maji yakamwingia viatuni kama kule kiwandani, na hakujali. Upande wa pili binti aliomba kushushwa, akashushwa.

Fundi simu alikuwa kijana mnene mwenye miwani ya kukuzia kwenye paji la uso. Alifungua simu kwa bisibisi ndogo, akaondoa mgongo, akaondoa betri. Jaji alipanda kwenye benchi, akachungulia ndani. Aliona chuma, nyaya na tone la maji ya sabuni.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Baba."

Fundi alimtazama mtoto, kisha akamtazama mwanamume aliyekuwa naye, macho mekundu, suruali imelowa hadi kwenye ugoko. Katika kazi ile alikuwa ameona wake wakilia, waume wakiapa, lakini hili lilikuwa geni. Alijitahidi.

"Humu hakai mtu, binti yangu. Kama alikuwemo, basi ametoka."

"Atatokaje?" Sauti ya Jaji ilianza kupanda. "Hana miguu!"

Dobi aliketi kwenye benchi kando yake. Alivua kiatu cha kushoto, maji yakamwagika. Alisita. Fundi alikuwa anaangalia, na mteja mwingine mlangoni alikuwa anaangalia, na mguu ule hata mke wake wa ndoa hakuwa ameuona. Alivuta soksi akaitoa.

"Anayo," alisema. "Ilikuwa chini, mama. Simu haikufika."

Mguu ulikuwa mbaya. Mteja wa mlangoni alijikuta anatazama dari. Jaji hakutazama dari. Aliushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye nyufa, akakagua mahali ambapo kucha zilikuwa zimekwenda. Halafu akafika kwenye kidole kidogo. Kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake na kukaa hapo.

Alikivuta kidogo. Kikarudi mahali pake.

Jaji alikaa chini, akavua kiatu chake cha kushoto, akavua soksi, akaweka mguu wake karibu na ule mkubwa. Aliangalia huu, akaangalia ule. Fundi alikuwa ameweka bisibisi chini.

"Kidole changu hicho umekitoa wapi?" aliuliza kwa ukali.

"Mimi ndiye niliyekupa."

"Lini?"

"Kabla hujazaliwa."

Jaji aliinua macho, akamtazama usoni, kwa muda mrefu kuliko siku zote tangu aje.

"Fungua mdomo," alisema. "Nionyeshe meno."

Dobi alifungua mdomo kwenye duka la watu, na hapo hapo machozi yakamtoka, akashindwa kuyafuta kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa imeshikwa na binti yake.

"Kumbe ulitoka," Jaji alisema. "Mbona hukusema?"

Simu haikupona. Fundi alikataa kuchukua hata senti, akasema leo amelipwa tayari.

*

Siku zilizobaki hazikutosha kitu. Jaji alimrudishia kiti, akamnyang'anya nyama ya pili, akarudi kulala chumba cha mama, katikati. Alimtembeza mtaani nyumba kwa nyumba, miguu peku, na kila mlango alimwamuru anyanyue mguu watu waone. Jirani alikiangalia kidole, akakiri kwa shingo upande kwamba ni kweli. Mke alimnunulia mafuta, akawa anampaka kisiginoni kila jioni bila kuuliza maswali, na Dobi akamweleza yote bila kuulizwa.

Siku ya kuondoka kiatu cha kushoto hakikuonekana. Walitafuta chini ya vitanda, kwenye tangi la maji, hata kwenye cherehani. Gari lilikuwa linapiga honi nje. Jaji alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akisema hajui lolote, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumhoji. Dobi alipanda ndege na ndala.

Jioni ya kwanza kazini alisubiri mapumziko, akasimama mbele ya mashuka, akavuta kofia ya kijani, akapiga kwenye simu mpya ya mkewe. Nyuma yake mashine zilinguruma zenyewe. Uso wa Jaji ukajaa kwenye kioo, lakini hakutabasamu, wala hakuonyesha meno.

"Onyesha mguu."

"Mama yangu, niko kazini, nimevaa..."

"Onyesha."

Dobi aliangalia huku na huku. Aliegemeza simu kwenye ndoo ya sabuni, akashika mashine kwa mkono mmoja, akavuta buti la kushoto mpaka likachomoka, akatoa soksi. Msimamizi alitokea mwisho wa safu, akamkuta mfanyakazi wake mtulivu kuliko wote amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameunyanyua mbele ya simu. Msimamizi alisimama pale pale alipokuwa.

Jaji alisogea karibu na kioo, akakagua. Kidole kilikuwapo, kimekaa mahali pake.

"Ndiye," alimtangazia bibi yake. Kisha akaenda, akarudi akiwa amekumbatia kiatu cheusi cha mwanamume, cha kushoto, akakiinua mbele ya simu ili kionekane vizuri.

"Baba."

"Naam, mama."

"Miguu unayo?"

"Ninayo."

"Na kiatu hiki hapa," Jaji alisema. "Basi njoo."